SOMO: JINA LA NANI LIMO KATIKA ORODHA?



Wewe sasa unajua kusoma. Je, umewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa kijiji, ukasoma orodha ya wanaopata pembejeo? Leo tujifunze faida ya kufanya hivyo.

Ruzuku ni nini?

Ruzuku ni fedha ya serikali inayopunguza bei. Tuseme mfuko wa mbolea ni shilingi 60,000. Serikali ikilipa nusu, wewe unalipa 30,000 tu. Fedha hiyo si zawadi ya kiongozi. Ni kodi yetu sote: mkulima wa mpunga wa Magu, mvuvi wa Ukerewe, na mwenye duka wa Mwanza mjini.

Wakati wa vocha

Kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 serikali ilitoa ruzuku kwa vocha. Mkulima alipewa vocha tatu: moja ya mbegu za mahindi au mpunga, na mbili za mbolea. Zilitosha ekari moja. Zililengwa kwa wakulima wadogo, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kutangulizwa.

Mkutano mkuu wa kijiji ulichagua kamati ya wanaume watatu na wanawake watatu. Kamati iliandika majina. Mkutano ulitakiwa kuyakubali.

Je, vocha ziliwafikia walengwa? Wachunguzi walitazama vijiji vya Mkoa wa Kilimanjaro. Taarifa yao ya mwaka 2012 ilisema hivi: katika kila vocha 100, kama 60 zilikwenda kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Vijiji vya mbali viliumia zaidi. Hapo hakuna ghala lililovunjwa. Orodha tu ilitosha!

Sahihi yako ni fedha

Wakala alipeleka benki vocha yenye sahihi, akalipwa. Sasa tuseme mama mmoja anatia sahihi, anapewa shilingi 5,000, na mbolea hapewi. Wakala anachukua 30,000 ya serikali. Shamba la mama halina kitu. Lakini karatasi inasema mama huyo amepata mbolea! Mwakani atalalamika kwa nani?

Mwaka 2022 serikali ilianza ruzuku ya mbolea kwa namba. Mkulima aliandikishwa kijijini, akapata namba yake kwa simu. Namba hiyo nayo ni kama sahihi. Usimwachie mtu mwingine.

Tufanye nini?

1. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe.
2. Omba orodha isomwe kwa sauti, kisha ibandikwe ubaoni.
3. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kupokea mfuko.
4. Ukinyimwa orodha, andika barua. Sheria ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma, na kujibiwa ndani ya siku 30.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze: hata daftari likiwapo, lisiposomwa na watu, mali hupotea vilevile.

Maswali

1. Fedha ya ruzuku inatoka kwa nani?
2. Mama yule alipata shilingi 5,000. Alipoteza nini?
3. Orodha ya kijiji chako imebandikwa wapi? Nenda ukaisome, kisha msomee jirani asiyejua kusoma.