Simu Kuukuu na Apdeti Mpya: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Simu nyingi zinazouzwa Mlandege, hapa Unguja, zimeshatumika kwengine kabla ya kuvuka bahari. Hilo si kosa. Simu nzuri ya mtumba humfaa mtu kwa miaka. Kosa ni kuilipia, au kuibonyezea apdeti, bila ya kujua umri wake na mwisho wake. Kila mfumo endeshi una orodha ya simu unazozikubali, na orodha hiyo haibadilishwi na pesa yako wala na fundi wako.

KABLA HUJALIPA: FANYA

Ulizia mwaka modeli ilipotoka. Si mwaka ulioinunua wewe, wala mwaka ilioingia Unguja. Kampuni huhesabu miaka ya apdeti tangu modeli ilipoanza kuuzwa. Samsung iliiahidi Galaxy S24 ya 2024 miaka 7. Atakayeinunua 2027 atabakiwa na minne. Galaxy S8 ya 2017 iliishia Android 9. Galaxy S10 ya 2019 iliishia Android 12. Zing'arishwe zitakavyong'arishwa, hazitoki hapo.

Soma namba ya modeli ndani ya simu yenyewe. Boksi linabadilishwa, kava linabadilishwa. Kwenye iPhone ingia mipangilio, fungua ukurasa wa kuhusu simu, kisha gusa namba ya modeli mpaka itokee herufi A na tarakimu nne. A2105 ni iPhone XR. A2221 ni iPhone 11. Ukizitazama kwa mbele utasema ni simu moja, lakini iOS 26 iliyotoka Septemba 2025 inaanzia iPhone 11, na XR imebaki na 18. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia. Tena kabla hujaigusa namba hiyo, tazama herufi yake ya mwanzo: M maana yake simu iliuzwa ikiwa mpya, F imetengenezwa upya na Apple wenyewe, N ilitolewa badala ya iliyoharibika. Ukiambiwa "hii mpya kabisa" na herufi ni F, rudisha simu mezani uondoke.

Kwenye Android weka programu ya CPU-Z, ni bure, na uifungue palepale dukani. Simu feki huandikwa toleo jipya kwenye mipangilio ilhali ndani ni la zamani. Android 13 ina namba ya ndani 33. Ukiona 23, hiyo ni Android 6 iliyovishwa jina.

Bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya kwenye boksi, na uhakikishe ni ya simu ya kampuni hiyo. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki nchi nzima, na watu walilala na simu wakaamka na plastiki.

KABLA HUJALIPA: USIFANYE

Usikubali neno la "inapokea apdeti zote". Mwambie muuzaji aiunganishe Wi-Fi na aitafute apdeti mbele ya macho yako. Na simu ikijibu kwamba iko sawa, haina apdeti mpya, usifurahi bado. Hapa ndipo watu wanapoumia. Jibu hilo lina maana mbili: ama simu imeshapata kila kitu, ama kampuni imeshaiacha na hakuna tena kinachokuja. Kwenye Android kinachozitenganisha ni tarehe ya kinga ya usalama, iliyoandikwa katika ukurasa wa mfumo. Ikiwa ni ya miezi miwili mitatu nyuma, sawa. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, hiyo simu imetelekezwa, hata kama kioo chake hakina mkwaruzo.

Usimnunulie mtoto tableti kwa ukubwa wa kioo. iPad Air ya kwanza na iPad mini 2, zote za 2013, ziliishia iOS 12. Mzazi analipa, anafika nyumbani, programu ya masomo inagoma kushuka. Dukani hakuna anayemrejeshea pesa.

Usichukue iPhone ambayo bado ina akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Siku utakapoifuta uianze upya itadai nenosiri la mtu aliyeko Sharjah.

KABLA HUJABONYEZA APDETI: FANYA

Hamisha picha na mazungumzo yako kwanza. Picha za harusi na za marehemu hazirudi kwa kulia mbele ya fundi.

Toa nafasi. Simu ya GB 16 iliyojaa video haina pahala pa kuweka mfumo mpya.

Chaji ijae, na utumie Wi-Fi. Ukiipitishia kwenye kompyuta ya mezani, tafuta yenye betri ya akiba. Kisiwa hiki kilikaa bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hakuna asiyejua kwamba umeme hukatika. Ukikatika katikati ya kazi, simu inaweza isiwake tena.

Apdeti ndogo ya usalama ipokee siku inapofika. Inaziba mlango ambao wezi wameshaujua. Toleo kubwa lipe wiki chache, makosa ya mwanzo yarekebishwe kwa simu za wengine.

KABLA HUJABONYEZA APDETI: USIFANYE

Usimpe fundi aiflashi simu kwa toleo lisilo lake. Itawaka, utashangilia, kisha kamera itakataa na programu ya benki itagoma kufunguka kwa sababu imegundua mfumo umechezewa.

Usipande ukitegemea kushuka. Apple hufunga njia ya kurudi wiki chache baada ya kutoa toleo jipya, na Samsung nyingi hukataa mfumo wa zamani kuliko uliomo.

Usishushe mfumo kutoka kiungo ulichotumiwa na mtu WhatsApp. Apdeti inatoka ndani ya mipangilio ya simu, au kwenye programu ya kompyuta ya kampuni yake. Hakuna nyengine.

SIMU ILIYOFIKA MWISHO

Usingoje mpaka ikuzimikie mkononi. Januari 2025 WhatsApp iliziacha simu zilizo chini ya Android 5. Mei 2025 ikaziacha zilizo chini ya iOS 15.1, na hapo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikatoka. Watu walikuja wakilia kwamba simu zimeharibika. Hazikuharibika, muda wake ulikwisha, na tangazo lilitolewa mapema.

Usiweke programu ya benki kwenye simu hiyo. Usiingie barua pepe yako kuu humo, maana anayeipata barua pepe anayapata na manenosiri ya mengineyo yote.

Kama mwaka huu huna pesa ya simu nyengine, hamishia laini yako ya pesa kwenye kitochi. *150*00# ya M-Pesa haihitaji Android wala iOS, na kitochi kipya ni salama zaidi kwa pesa zako kuliko simu kubwa iliyoachwa na kampuni yake. Hiyo kubwa ibakie kwa muziki na picha. Na siku utakapokwenda kununua nyengine, nenda mchana, uwe na bando, uikague kwa dakika zote unazotaka. Muuzaji akikukatalia kuiwasha, usimlipe hata shilingi.