Nambari na Siri Zinazodaiwa Kuwamo Ndani Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Ama baad.

Katika darsa letu la Angurai, upande wa Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, hukutana watu wa namna nyingi: wenyeji Wateso walio Waislamu, wafanya biashara, na madereva wa malori watokao Mombasa kwenda Kampala. Miongoni mwao wametokea walioweka swali hili: Je, ni kweli kwamba nambari zina siri, na ajuaye siri hizo aweza kuvuta riziki, kupata mapenzi, au kumrahisishia mwanamke uchungu wa kuzaa? Kwa kuwa jambo hili limeenea pia kwa ndugu zetu wa mwambao, tumeona ni wajibu kulieleza. Jawabu kwa ufupi ni hili: nambari zina sifa za ajabu kweli, lakini sifa hizo ni za hisabu, hazina mkono wa kutenda.

JINA SI NAMBARI

Jua, ewe msomaji, kwamba nambari ni kitu kimoja na jina lake ni kitu kingine. Sisi Waswahili twasema sita, saba na tisa, na maneno haya matatu yametoka katika Kiarabu. Wazee wetu walisema tandatu, fungate na kenda. Neno fungate limebaki kwa siku saba za maarusi, wala wengi hawajui tena kwamba maana yake ya asili ni saba. Jirani zetu Wateso huhisabu kwa mkono: tano ni akany, na saba ni akany kaare, yaani tano na mbili. Majina ni mbali mbali, lakini saba ni ile ile. Haigawanyiki kwa mbili wala kwa tatu, Angurai wala Lamu.

Ikiwa hivyo, siri iliyojengwa juu ya herufi za jina imejengwa juu ya mchanga. Chukua mathalan 786, utakayoiona juu ya barua, milango ya maduka na vioo vya magari. Nambari hii ni jumla ya herufi za Bismillahi kwa hisabu ya abjadi: Bismi ni 102, Allah 66, Ar-Rahman 329, Ar-Rahim 289. Lakini watu wa Maghribi wana abjadi yenye mpango mwingine. Kwetu herufi sini ni 60, kwao ni 300. Basi Bismillahi ile ile kwao ni 1026. Je, baraka huhama mtu avukapo mpaka? Hatumlaumu aandikaye 786 kwa nia ya kulinda jina tukufu lisikanyagwe. Twasema tu kwamba nambari si Bismillahi, na aisomaye kwa ulimi wake ana thawabu asiyoipata mwenye kubandika tarakimu.

MRABA WA KUMI NA TANO

Hirizi nyingi za mwambao zina mraba huu ndani yake:

4 – 9 – 2
3 – 5 – 7
8 – 1 – 6

Jumlisha mistari iliyolala, iliyosimama, au ya pembe kwa pembe. Kila mmoja ni 15. Pembeni mna 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa abjadi ni herufi ba, dal, waw na ha. Kwa hizo watu wameunda neno Baduhi, na wengine wakadai ni jina la jini au la malaika mwenye nguvu.

Na tutazame. Nambari 1 mpaka 9 jumla yake ni 45. Kwa mistari mitatu, kila mmoja hauna budi kuwa 15. Mistari minne hupita katikati. Jumla ya hiyo minne ni 60, na ndani yake kila nyumba imehisabiwa mara moja, isipokuwa ya katikati iliyohisabiwa mara nne, yaani mara tatu za ziada. Ondoa 45 katika 60, zabaki 15. Gawa kwa tatu, wapata 5. Basi 5 haina pengine pa kukaa ila katikati.

Sasa tazama pembe. Nyumba ya pembeni imo katika mistari mitatu. Lakini 9 hupata 15 kwa njia mbili tu: pamoja na 1 na 5, au pamoja na 2 na 4. Basi haiwezi kukaa pembeni. Na 1, 3 na 7 hali yao ni hiyo hiyo. Jaribu mwenyewe utaona. Zilizobaki kwa ajili ya pembe ni 2, 4, 6 na 8. Hakuna jini hapo. Ni hisabu ndiyo iliyolazimisha.

Huenda msomaji akasema: Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameutaja mraba huu katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal, kuwa hutumiwa kwa mwanamke mwenye uzazi mgumu. Ndiyo, ameutaja. Lakini heshima ya mwanachuoni haituzuii kutazama hoja, na hoja umeiona. Mume anunuaye karatasi hiyo, kisha akachelewa kumpeleka mkewe kwa mkunga au hospitali, amezitia roho mbili hatarini kwa ajili ya jumla ambayo mtoto wa chuoni aweza kuifanya.

NAMBARI ZIPENDANAZO

Nambari 220 ukijumlisha vigawanyo vyake vyote visivyokuwa yenyewe, wapata 284. Na 284 ukiifanyia hivyo, wapata 220. Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901, alitoa kanuni ya kutafuta jozi kama hizi, na hiyo ni fahari ya elimu ya Waislamu. Waganga wakazichukua wakazifanya dawa ya mapenzi. Mwanachuoni alitafuta dalili, mganga akatafuta mteja.

MATUMIZI YA HAKI

Ikiwa wataka nambari yenye athari katika maisha ya watu, itazame 24. Wanachuoni wa faraidhi wamehisabu asili za mafungu ya mirathi, wakazikuta saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mtu amekufa, ameacha mke, mama, mtoto mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mke ana thumni, mama ana sudusi. Nambari ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 ni 24: mke 3, mama 4, zabaki 17 kwa watoto. Mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke, na 17 haigawanyiki kwa tatu. Basi twazidisha 24 kwa 3, yawa 72. Mke 9, mama 12, mwanamume 34, mwanamke 17. Baada ya mazishi, madeni na wasia, ikiwa zimebaki shilingi 720,000, mke atapata 90,000, mama 120,000, mwana 340,000 na binti 170,000.

Na hapa ndipo penye msiba wetu. Mtu hujua 786 na Baduhi, lakini baba yake akifa hajui 24. Duka hushikwa na kaka mkubwa, mjane huambiwa avumilie, na binti huambiwa ataolewa. Nambari zilizowekwa kulinda haki zao zimeachwa, na zile za kubandika mlangoni zimetukuzwa.

MASWALI YA DARSA

1. Onyesha kwamba 28 ni sawa na jumla ya vigawanyo vyake visivyokuwa yenyewe.
2. Onyesha kwa nini 7 haiwezi kukaa pembeni mwa mraba wa 15.
3. Mwanamke amekufa, ameacha mume, mama na mtoto mwanamume mmoja. Mume ana robo, mama sudusi. Asili ni ngapi, na kila mmoja apata mafungu mangapi?

Mwenye kulijibu hili la tatu, na amfundishe dada yake.

Wallahu aalam.