Kani za Kitanzi cha Rola Kosta: Anza Hesabu Kileleni

Nafundisha fizikia sekondari, na kila tukifika mada ya mwendo wa duara, mwanafunzi mmoja ataonyesha video ya rola kosta ikipita kwenye kitanzi na kuuliza: "Mwalimu, mbona hawadondoki?" Jibu ninalompa ni hesabu inayotosha nusu ukurasa wa daftari. Sharti ni moja: anza kileleni, kisha ushuke.

Hatua ya 1: Chora kilele

Chora duara, kisha weka behewa juu kabisa, abiria vichwa chini. Kani kubwa zinazolihusu ni mbili tu: uzito wake na msukumo wa reli. Zote zinaelekea chini, yaani kwenye kitovu cha duara. Wengi huongeza mshale wa tatu unaokwenda juu, ati ndio unaolishikilia behewa. Ufute. Behewa kweli linaanguka, ila kwa kuwa linakimbia mbele kwa kasi, kuanguka huko kunaishia kupinda njia yake tu, na reli imepindwa kufuata njia hiyo.

Sasa tafuta kasi ndogo kabisa inayofaa. Hiyo ni kasi ambayo reli haisukumi hata kidogo. Uzito peke yake unatosha kulikunja behewa. Hapo mraba wa kasi ni sawa na g (mchapuko wa mvutano wa dunia) mara nusu kipenyo. Tuchukue kitanzi cha duara kamili chenye kimo cha mita 20, nusu kipenyo mita 10, na g iwe 10. Mraba wa kasi ni 100, kwa hiyo kasi ni mita 10 kwa sekunde.

Hatua ya 2: Shuka

Kutoka kileleni hadi chini ni mita 20, na nishati ya kimo inageuka kuwa nishati ya mwendo. Mraba wa kasi unaongezeka kwa 2 × 10 × 20, yaani 400. Jumla 500. Hiyo ni kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa.

Hatua ya 3: Pima msukumo wa chini

Chini reli ina kazi mbili: kubeba uzito na kulikunja behewa kuelekea juu. Kwa kukunja, gawa 500 kwa 10, upate 50, ambayo ni mara 5 ya g. Ongeza 1 ya uzito wenyewe. Jibu ni 6. Mtu wa kilo 60 anakandamizwa kitini kama mwenye kilo 360.

Ukidhani dawa ni kukuza duara, rudia hesabu kwa nusu kipenyo cha mita 5, kisha mita 40. Utapata 6 tena na tena, kwa sababu nusu kipenyo kinajifuta chenyewe. Na hiyo ni kwa kasi ya chini kabisa, bila akiba yoyote ya usalama.

Waliopanda Flip Flap, rola kosta ya Coney Island, New York, ya mwaka 1895, waliionja hesabu hii kwa shingo zao, maana kitanzi chake kilikuwa duara. Mwaka 1901, huko huko Coney Island, Edwin Prescott alifungua Loop the Loop, yenye kitanzi cha umbo la yai. Umbo tunaloliona leo lilishika mwaka 1976 kwa Revolution, kule Magic Mountain, California, iliyojengwa na Anton Schwarzkopf huku Werner Stengel akifanya hesabu. Linaitwa klothoidi: mkunjo ni mpana chini, nao unabana kadiri unavyopanda.

Hatua ya 4: Rudia kwa nusu kipenyo mbili

Acha kimo kiwe mita 20 vile vile, ila nusu kipenyo kiwe mita 6 kileleni na mita 20 chini. Kileleni mraba wa kasi ni 60. Chini ni 60 + 400, yaani 460. Gawa kwa 20: 23, ambayo ni mara 2.3 ya g. Ongeza 1, upate 3.3. Yule wa kilo 60 sasa anahisi karibu kilo 200, na mzigo unamjia taratibu. Kwenye duara ungemvaa ghafla pale reli iliyonyooka inapokutana na mkunjo.

Hatua ya 5: Jaribu mezani

Pasua mpira wa maji kwa urefu upate mfereji, ukunje kitanzi chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kisha uachie gololi. Kitu kinachoteleza bila msuguano kingehitaji kuanzia sentimita 25 juu ya meza. Gololi inahitaji kama 27, kwa kuwa sehemu ya nishati inaliwa na kuzunguka kwake. Msuguano nao utadai zaidi. Panda kidogo kidogo, na utege sikio: ikiachiwa chini mno, mlio wa kubingirika unakatika kabla ya kilele. Hapo ndipo msukumo wa mfereji umefika sifuri, na gololi imebanduka.

Ukishapata kimo kinachoishinda gololi kwa sentimita moja tu, bana kilele cha kitanzi bila kubadili kimo cha kitanzi. Iachie kutoka pale pale. Ipite au isipite, hesabu ya Hatua ya 1 itakuambia kwa nini.