JIFUNZE KAZI: Kupaka Rangi Juu ya Mbao Zenye Vanishi



Vijana wetu huenda Jinja na Mbale kutafuta kibarua cha ujenzi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kwa hiyo chukua kitambulisho chako na uende bila kujificha. Shida huja kwenye malipo. Katika kazi za rangi, mara nyingi tajiri hutoa sehemu ya pesa kwanza, na iliyobaki anaishika mpaka aone kazi imekaa vizuri. Rangi ikianza kubanduka baada ya wiki mbili kama ganda la kitunguu, pesa ile umeipoteza, na jina lako vilevile. Kazi inayowaangusha wengi ni kupaka rangi juu ya mlango au kabati lililokwisha kupigwa vanishi. Somo la leo ni hilo.

Kwa nini rangi inabanduka?

Vanishi ni ngozi ngumu na laini iliyowekwa ili maji na uchafu visiingie kwenye mbao. Ngozi inayokataa maji itaikataa na rangi pia, kwa sababu rangi haipati mahali pa kushika. Tena mlango wa zamani una jasho la mikono karibu na kitasa, moshi wa jikoni na nta ya kung'arishia. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kusafisha, na ya pili ni kuufanya uso ule uwe na mikwaruzo midogo ambayo rangi itaing'ang'ania. Brashi ni ya mwisho. Fundi anayefungua kopo la rangi asubuhi ya kwanza, usimfuate.

Tazama kwanza ni mbao gani

Jinja kuna nyumba na maduka mengi yaliyojengwa na Wahindi kabla ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Mengine yameandikwa mwaka wa kujengwa juu ya ukuta wa mbele. Humo unaweza kukuta milango ya mvule, mti uliokuwa mwingi Busoga na ambao sasa umepungua sana kwa kukatwa. Mlango wa mvule ulio mzima, mimi ningemwambia mwenye nyumba aupige vanishi upya asiufunike kwa rangi. Akikataa, mlango ni wake. Lakini ujue mambo mawili: vumbi la mvule linawasha macho na kifua, na mafuta yaliyomo ndani yake yanaweza kuchelewesha rangi kukauka au kutoa madoa juu ya rangi nyeupe.

Mbale shida ni maji. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia katika nyumba za watu. Mlango uliolowa namna hiyo haupakwi rangi mpaka ukauke hadi ndani, hata ikichukua wiki kadhaa. Ukifungia maji ndani ya mbao, yatatoka kwa nguvu na kuinua rangi kwa malengelenge.

Jaribu ujue vanishi yenyewe. Lowesha kitambaa kwa spiriti, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa bawaba. Ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, ambayo hutokana na wadudu wa India na ilipendwa sana kwenye samani za zamani. Isipolainika, jaribu kwa tina kali ya rangi za kupuliza. Ikilainika kwa tina hiyo, ni laka. Ikikataa zote mbili, basi ni vanishi ya mafuta au ya plastiki, na hiyo ndiyo inayohitaji msasa wa kutosha.

Kutayarisha

Ondoa kitasa na komeo; usipake rangi kuzunguka chuma. Osha mlango wote kwa maji ya sabuni ya unga, suuza kwa maji safi mara mbili, uache ukauke. Kama kuna nta, futa kwa tapentaini, ukigeuza kitambaa mara kwa mara, la sivyo unahamisha nta kutoka hapa kwenda pale. Usipige msasa kabla ya kuosha, maana msasa huisukuma grisi iingie ndani ya mikwaruzo.

Vanishi iliyokwisha kupasuka na kuinuka, ikwangue yote. Iliyoshika vizuri haina haja ya kuondolewa. Piga msasa namba 120, kisha 180, ukifuata nyuzi za mbao. Utajua umefika pale mng'ao unapokwisha na uso ukafifia kama kioo kilichopigwa na mvuke. Sehemu ndogo inayong'aa ikibaki kwenye kona, hapo ndipo rangi itakapoanza kubanduka. Ziba matundu kwa puti, piga msasa tena, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Hapa nisikilize vizuri. Katika nyumba za zamani, chini ya vanishi au juu yake huenda kuna rangi ya zamani, na rangi nyingi za miaka ile zilitiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa kuwa inaharibu ubongo unaokua. Ukiona rangi ya zamani, usiichome kwa moto wala usiisugue ikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, tandika plastiki chini, kusanya matope yote. Nawa mikono kabla ya kula, na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi jembamba wala harufu ya tina, fungua madirisha.

Kupaka

Anza na andakoti ya mafuta. Usiweke rangi ya maji ya ukutani moja kwa moja juu ya vanishi. Kwa mbao zinazotoa madoa, pitisha kwanza shelaki mpya nyembamba. Andakoti ikikauka, kwa kawaida kesho yake, fanya jaribio: kata alama ya msalaba kwa wembe mahali pa siri, bandika utepe, uuvute kwa nguvu. Ikitoka rangi, rudi kwenye msasa. Afadhali uchelewe siku moja.

Kisha paka mikono miwili ya rangi ya mafuta, myembamba, ukipitisha msasa laini katikati. Anza na vibao vya ndani vya mlango, halafu mbao za kulala, mwisho zile za kusimama. Ukingo wa juu na wa chini wengi huusahau, na maji huingilia hapo. Wakati wa mvua anza umande ukishakauka na uache mapema kabla ya mvua ya mchana.

Kuhusu hesabu: lita moja inatosha kama mita za mraba 12. Mlango mmoja pande zote mbili pamoja na fremu ni karibu 4. Kwa milango sita ni mita 24, yaani lita 2 za andakoti na lita 4 za rangi kwa mikono miwili. Mwoneshe tajiri hesabu hiyo kabla ya kuanza, na siku za kutayarisha uzihesabu kama siku za kazi. Andikeni, mtie sahihi wote wawili.

Usichanganye rangi na petroli kwa sababu ni rahisi; mvuke wake unashika moto wa sigara au jiko la mkaa. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe vikikunjwa, hivyo vianike vikiwa vimetandazwa. Tina usiiweke katika chupa ya soda, mtoto ataidhania kinywaji. Na makopo matupu ya rangi usiyalete nyumbani kutekea maji ya kunywa, hata yakioshwa mara ngapi.