Kumnunua na Kumtunza Mbwa wa Mbio: Wembamba wa Asili na Wembamba wa Maradhi

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, mbwa hufugwa kwa ajili ya kulinda mifugo, nyumba na maeneo ya uchimbaji. Wapo wanunuzi wanaovutiwa na mbwa mwenye miguu mirefu, kifua chenye kina na kiuno chembamba, awe wa kienyeji au anayeuzwa kama chotara wa Greyhound au Saluki. Mbwa wa namna hii huwinda kwa macho: humwona mnyama kwa mbali na kumfukuza kwa kasi kubwa. Kwa kuwa ni mwembamba kwa maumbile, muuzaji asiye mwaminifu huweza kumuuza mbwa mgonjwa kwa kusema kwamba ndivyo alivyoumbwa. Tunamshauri mnunuzi ajifunze kutofautisha mambo hayo mawili kabla ya kutoa fedha yake.

1. Ukaguzi kabla ya kununua

Mwombe muuzaji amtembeze mbwa mbele yako, kisha umguse. Mbwa wa mbio mwenye afya huweza kuonekana mbavu chache za nyuma, lakini misuli ya mapaja na ya mgongo huwa imejaa na ni imara. Mwenye njaa au maradhi huwa na mapaja yaliyobonyea, uti wa mgongo uliochongoka na manyoya yasiyong'aa. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo lililovimba huku mbavu zikiwa zimetokeza, mara nyingi ana minyoo. Fungua mdomo na utazame ufizi: ukiwa mweupe, huenda damu yake imepungua kwa sababu ya kupe au minyoo. Usimchukue mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza wiki 8 akiwa na mama yake.

2. Hati ya chanjo

Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza, kwa binadamu wala kwa mnyama. Karibu kila anayefikia hatua hiyo hufa. Chanjo ndiyo kinga. Mbwa huchanjwa afikapo umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayoitoa daktari wa mifugo. Dai hati inayoonyesha jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe, pamoja na jina na saini ya mtaalamu aliyechanja. Neno la mdomo si hati. Kumbuka pia kwamba chanjo huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Chupa iliyoshinda juani mnadani haiaminiki.

Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

3. Malazi, chakula na mazoezi

Mbwa huyu ana ngozi nyepesi na mafuta machache mwilini. Akilala juu ya sakafu tupu hupata vidonda kwenye viwiko na nyonga. Gunia lililojazwa majani makavu ya mpunga linatosha kuwa godoro lake, mradi libadilishwe mara kwa mara. Mkimbize alfajiri au jioni, wakati jua la Shinyanga halijawa kali, na maji safi yasikosekane.

Ugali mtupu haumtoshi. Uchanganywe na dagaa, nyama au mayai. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka na kumchoma tumboni. Gawa chakula mara mbili kwa siku na usimkimbize mara baada ya kula, kwani mbwa wa kifua chenye kina huweza kujaa gesi na tumbo lake kujipinda, hali inayoua kwa saa chache.

4. Hatari za machimboni

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbwa anayemfuata sungura hatazami anapokanyaga, na maeneo ya wachimbaji wadogo yana maduara yaliyoachwa wazi. Mfunge kamba kila umpitishapo huko, na umzungushie uzio nyumbani. Usimwache anywe maji ya madimbwi ya kuchenjulia dhahabu wala alale juu ya marudio: zebaki na sayanidi zinazotumika katika kazi hiyo ni sumu kwake kama zilivyo kwako.

5. Dawa na matibabu

Usimpake mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Nunua dawa ya kupe iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, katika duka lililosajiliwa, na ufuate kipimo cha uzito wake. Iwapo atahitaji upasuaji, mweleze daktari mapema kwamba ni wa jamii ya mbwa wa mbio, kwa sababu mbwa hawa huchelewa kuzinduka kutokana na baadhi ya dawa za usingizi. Mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Una haki ya kumwomba kitambulisho.

6. Haki na wajibu wako

Dai risiti inayotaja umri wa mbwa, aina yake na chanjo alizopata. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na bila maandishi ni vigumu kuthibitisha kwamba ulipotoshwa. Kwa upande wako, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese. Mbwa huyu huweza kuishi miaka 10 hadi 14. Ikiwa huna uwezo wa kumlisha, kumchanja na kumfungia uzio kwa muda huo wote, tunakushauri usimnunue.