Mtoto mwenye kifafa akienda chuo kikuu

Mama na baba, mtoto wenu amemaliza sekondari hapa Uvira, sasa anapanda Bukavu kusoma chuo kikuu. Godoro mmenunua, sufuria pia. Na dawa zake je? Munganga anayemjua anabaki huku; kule yeye ni mgeni, hana fishi.

Mumupeleke hospitali mbele ya safari. Munganga aandike barua: ugonjwa, jina lenyewe la dawa (fenobarbitali, siyo «vidonge vile vyeupe»), miligramu ngapi, saa ngapi, na lini alianguka mara ya mwisho. Ombeni na vidonge vya mwezi mzima. Akifika asingoje viishe, aende kituo cha afya juma la kwanza. Fenobarbitali ikikatwa ghafula, mtu aweza kuanguka tena na tena bila kuzinduka, hata kufa.

Wengine huacha dawa kwa haya tu, wenzake wa chumba wasijue. Zungumzeni naye polepole. Afazali mmoja ajue, amlaze ubavu akianguka, wala asimtie kijiko kinywani.

Na anayesomea Bujumbura asivuke mpaka bila barua ile: dawa hii imo katika mapatano ya mataifa ya mwaka 1971.