Kiharusi Wakati wa Upasuaji Uliopangwa: Yakupasayo Kujua Wewe na Ndugu Zako

Upasuaji uliopangwa ni ule ambao tarehe yake hujulikana mapema: kuondoa ngiri, tezi dume, uvimbe wa kizazi, kubadilisha nyonga na mfano wa hayo. Wagonjwa walio wengi hurejea nyumbani salama. Hata hivyo wapo wachache ambao hupata kiharusi wakiwa katika chumba cha upasuaji au, mara nyingi zaidi, katika siku chache zinazofuata. Kwa upasuaji usiohusu moyo wala ubongo, hatari hiyo kwa kawaida haifiki mgonjwa 1 katika kila 100. Upasuaji wa moyo na wa mishipa mikubwa ya shingo una hatari kubwa zaidi.

Katika somo hili tunaeleza jinsi kiharusi cha namna hii kinavyotambuliwa na kutibiwa, na wajibu ulio mikononi mwako.

Kwa nini hutokea

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu donge la damu limeziba mshipa, ama kwa sababu mshipa umepasuka. Viharusi vingi vya kipindi cha upasuaji ni vya kuziba. Jeraha la upasuaji huufanya mwili uongeze uwezo wa damu kuganda. Aidha, huenda mgonjwa alisimamishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, au shinikizo la damu likashuka mno, au mapigo ya moyo yakapoteza mpangilio. Walio katika hatari zaidi ni wazee, wenye shinikizo la juu la damu, kisukari, maradhi ya moyo au ya figo, na zaidi ya wote, waliowahi kupata kiharusi.

Kabla ya upasuaji

Mweleze daktari na mtaalamu wa dawa ya usingizi ukweli wote. Ikiwa uliwahi kupata kiharusi, hata kile kidogo kilichopita kwa dakika chache, kitaje. Upasuaji usio wa dharura huahirishwa kwa angalau miezi 3 baada ya kiharusi, na baadhi ya madaktari hupendelea miezi 6 hadi 9.

Nenda na dawa zako zote, zikiwemo za asili. Usiache wala usianze dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Utafiti wa kimataifa uitwao POISE, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 8,000, ulitufunza jambo hili kwa uchungu. Wagonjwa walioanzishiwa dawa ya metoprololi saa chache kabla ya upasuaji walipata mishtuko ya moyo kwa uchache, lakini viharusi na vifo viliongezeka. Dawa njema, ikitolewa wakati usiofaa, yaweza kudhuru.

Baada ya upasuaji: jicho la ndugu

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mgonjwa amelala, maneno yake hayaeleweki, na ndugu husema, "Ni dawa ya usingizi, haijamtoka." Wengine hudhani amerogwa. Tunawasihi msisubiri. Mwiteni muuguzi wa zamu mara moja mkiona:

- uso umepinda upande mmoja;
- mkono au mguu wa upande mmoja hauna nguvu au umekufa ganzi;
- maneno yanakokoteka, au mgonjwa haelewi anachoambiwa;
- uoni umepotea ghafla;
- amechanganyikiwa ghafla, au haamki kama ilivyotarajiwa.

Mtajieni muuguzi saa ya mwisho mliyomwona mgonjwa akiwa katika hali yake ya kawaida, kwa kuwa matibabu huhesabiwa kuanzia saa hiyo. Msimpe chakula, maji wala aspirini: anaweza kupaliwa, na iwapo mshipa umepasuka, aspirini itazidisha damu kuvuja.

Matibabu

Kwanza, wahudumu huhakikisha mgonjwa anapumua vizuri, hupima shinikizo la damu na sukari, maana sukari ikishuka sana huleta dalili zinazofanana na za kiharusi. Kisha hupigwa picha ya CT ya kichwa ili kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Bila picha hiyo, daktari hawezi kuchagua tiba kwa uhakika.

Ikiwa mshipa umeziba, kwa kawaida hutolewa dawa ya kuyeyusha donge ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Lakini kwa aliyefanyiwa upasuaji mkubwa ndani ya siku 14 zilizopita, dawa hiyo yaweza kusababisha jeraha litoke damu nyingi. Hivyo daktari wa upasuaji na daktari wa ubongo hupaswa kupima kwa pamoja faida na hatari.

Njia nyingine ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, mara nyingi kupitia kinena, na kulivuta donge litoke. Njia hii haihitaji dawa ya kuyeyusha, kwa hiyo humfaa mgonjwa mwenye jeraha bichi ikiwa mshipa ulioziba ni mkubwa. Hufanywa ndani ya saa 6, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24, lakini huhitaji mitambo na wataalamu ambao hospitali nyingi hazina.

Pasipokuwa na njia hizo, uangalizi mzuri wodini bado huokoa maisha: kupima uwezo wa kumeza kabla ya kula, kumgeuza mgonjwa, kuzuia nimonia, na kuanza mazoezi ya viungo mapema.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa

1. Hatari yangu ya kupata kiharusi ni kubwa kiasi gani?
2. Dawa ipi niendelee nayo, ipi niache, na nianze tena lini?
3. Je, hospitali hii ina mashine ya CT inayofanya kazi usiku na siku za mapumziko?
4. Nikipata kiharusi, nitapelekwa wapi, na kwa usafiri gani?

Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako. Na kwa kuwa upasuaji wako umepangwa, unao muda wa kupata majibu kabla ya siku yenyewe kufika.